Paina Mbele ya Mizinga ya Bibi

Harufu ya mbao za paina imejaa nyumba yangu mpya hapa Mikumi, nyumba ya vyumba vitano niliyoijenga kwa stashahada yangu ya misitu, bila msaada wa mtu. Tangu asubuhi siwezi kukaa kitako. Fundi anapiga misumari, mimi nazunguka.

Nilikuwa darasa la tatu, kule kijijini kwetu Ulaya, si ile ya Wazungu. Nilishika namba moja, nikazawadiwa mche wa paina. Kiangazi kilikuwa kikali, na udongo wenye unyevu ulikuwa sehemu moja tu: mbele ya mizinga ya bibi, alikomwagilia alizeti kwa ndoo ili nyuki wake wasihame. Asali yao ndiyo iliyonivisha sare. Niling'oa alizeti zote, nikapanda mti wangu.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Alizeti zangu ziko wapi?"

"Nimezitoa. Zinachanua siku chache tu, halafu zinainama kama walevi. Paina ni kijani mwaka mzima."

"Na maua yake?"

"Haina maua, bibi. Mwalimu kasema inazaa koni, na chavua inabebwa na upepo."

"Basi huyo msomi wako awalishe nyuki wangu upepo."

Hakunichapa. Kila asubuhi kabla ya shule niligonga mzinga kwa kidole, nikatega sikio, na kila siku mvumo ulipungua. Siku ya tano niligonga mara tatu, nisisikie kitu.

"Wapo?" bibi aliuliza kutoka jikoni.

"Wapo, bibi, tena wengi," nikasema, nikakimbilia shule.