Uji wa Mathias

Zamani Josefina alikuwa mwembamba, na hakuna aliyemsema. Kule Mpui alikozaliwa wanawake wote walikuwa wembamba. Walilima ntumba, yale matuta makubwa yanayofukiwa majani yaoze chini. Walitwanga, walishuka vilima na kuni kichwani. Ugali wa ulezi walioula usiku, jembe liliudai wote mchana.

Kisha serikali ikaruhusu biashara ya watu binafsi. Yeye na mumewe Mathias, fundi cherehani, wakahamia mjini, Katandala, na kufungua duka dogo mbele ya nyumba. Mathias akashona na kupunguza nguo za mitumba, Josefina akakaa kwenye kigoda akiuza. Unga alisagiwa mashineni. Mafuta ya kupikia, yaliyokuwa yakipangiwa foleni, sasa yalijaa madumu nyuma ya mgongo wake. Akanenepa, na watu wakasifu. "Mathias anajua kutunza," walisema, naye Mathias alifurahi kana kwamba wamesifu mshono wake.

Sifa hizo zikaanza kumuuma magotini. Basi alipofika Daktari Edith, aliyekuwa akitafiti kama wanawake walioacha jembe wanaweza kuepuka kisukari kwa kupunguza chakula na kutembea, Josefina alikuwa wa kwanza kunyoosha mkono. Mama yake kisukari kilimkata mguu kwanza, ndipo kikamchukua.

"Mwili ni kama kihenge, mama," daktari alimwambia. "Unajaza kila siku, huchoti. Sasa tujaze kidogo, tuchote zaidi. Sukari yako iko mlangoni, haijaingia. Ukipungua, huenda ikageuza njia."

Josefina akaacha maandazi, akaacha chai ya sukari. Jioni akawa anatembea hadi mtaa wa Malangali na kurudi. Gauni lake la kanisani likalegea. Jumamosi moja akasimama nalo mbele ya cherehani.

"Baba Eustace, nipunguzie kiunoni."

Mathias alishika kitambaa, pini mdomoni. Kesho yake aliamka kabla ya mkewe, akawasha moto.

"Kuanzia leo uji nitakupikia mimi. Wewe unachoka na kutembea."

Josefina aliguswa. Ulikuwa uji wa ulezi, lakini ulishuka kooni laini kama neno la kufariji.

"Umeufanyaje?"

"Kukoroga tu, mama."

Tangu hapo mzani wa daktari ukagoma kushuka. Kisha ukaanza kupanda.

"Mama, umerudi kwenye maandazi?" Daktari Edith aliuliza kwa upole. "Wengi huona aibu kusema."

"Sijarudi, daktari. Wallahi sijui, hata kwa Bikira Maria naapa."

Kwenye benchi, wanawake waliongoja kupimwa wakacheka. Scola, jirani yake, akadakia, "Dada Josefina, basi dukani kwako kuna panya, anakula yeye unanenepa wewe!"

Josefina alicheka nao, lakini nyumbani alilia ndani ya kanga. Aliona wamemfanya mwongo. Na kila alipofumba macho aliuona mguu wa mama yake. Akapunguza chakula cha jioni kwa nusu. Mzani haukujali.

Asubuhi moja ya Juni, upepo wa baridi ukipiga mabati, mteja aliita wakati kikombe cha uji kingali kimejaa. Alikuwa mtu wa Mpui, na habari za nyumbani hazina haraka. Josefina aliporudi, uji ulikuwa umepoa, na juu yake kulikuwa na utando mweupe, mgumu kama nta. Akaugonga kwa kijiko, akaunusa. Samli, ile anayouza Nyanda, mfugaji wa Kisukuma, kwa chupa sokoni. Kwao Mpui hawakupikia samli. Ndiyo maana ulimi wake haukuitambua.

Akakipeleka kikombe hadi kwenye cherehani. Mguu wa Mathias ukasimama.

"Baba Eustace, hii ni nini?"

Mathias aliweka kitambaa kando.

"Unalikumbuka gauni la bluu la dada yangu Bertha?" alisema. "Aliniletea nipunguze kiunoni. Nikapunguza. Akalileta tena. Nikapunguza, nikapunguza, mpaka pakakosekana pa kushona. Ukimwi ukammaliza, tukamzika nalo. Halafu nawe ukaja, ukasimama palepale aliposimama. Na sokoni wameshaanza kuniuliza, mkeo ana nini."

Josefina alikuwa amekuja na maneno makali. Hakuyaona tena.

"Mama yangu hakukonda," alisema taratibu. "Tulimzika mnene, na mguu mmoja."

Mathias akaupokea uji, akaenda kuumwaga mwenyewe.

Siku ya kupimwa alifuatana naye, akasimama mbele ya benchi, kofia mkononi.

"Daktari, samli nilitia mimi. Mke wangu si mwongo."

"Loo!" Scola akapiga makofi. "Kumbe panya mwenyewe ana ndevu!"

Benchi zima likaangua kicheko. Mathias alingoja kiishe, ndipo akauliza, "Kukonda huku, daktari, kunaishia wapi?"

Daktari Edith aliweka kalamu chini. "Mgonjwa anakonda huku nguvu zinamtoka. Mkeo anachota akiba yake, na nguvu zinamrudia. Akifika panapotosha, tutasimama. Usiniamini mimi. Tembea naye uone."

Wakatembea. Jioni ya kwanza Mathias alikwenda kichwa kimeinama upande wa mkewe, akisikiliza pumzi zake. Kabla ya kufika Malangali, anayehema alikuwa yeye.

"Nikusubiri, Baba Eustace?"

"Tangulia, utaniaibisha!"

Karibu na Krismasi mzani ulikuwa umeshuka vizuri, na gauni la kanisani likalegea tena. Mathias alishika kitambaa, pini mdomoni. Alishona polepole, kisha akamrudishia gauni likiwa limegeuzwa ndani nje.

"Sijakata," alisema. "Kilichozidi nimekikunja ndani."

"Cha nini?"

"Kiwepo tu. Siku ukitaka kurudi."

Josefina alipitisha kidole juu ya lile kunjo. Hakuwa na nia ya kurudi. Lakini hakumwambia alikate.

"Haya, vaa viatu," alisema. "Jua linashuka."