Mapazia ya Sebuleni

Mama yangu alikuja kukaa nasi mtaa wa Satellite, Nairobi, kwa sababu ya moyo wake. Daktari alitaka kumwona kila wiki, na kutoka kwetu Makueni hadi kliniki si safari ya mgonjwa. Nilifurahi jamani, nikamtandikia chumba cha nyuma, nikamnunulia blanketi mpya. Kitu kimoja tu sikukifikiria: ilikuwa Julai.

Mtu wa Makueni haijui baridi ya Julai ya Nairobi. Anga hukunja uso tangu asubuhi, halikunjui mpaka alasiri, na nyumba za mawe huwa baridi kuliko nje. Mwaitu, ndivyo sisi Wakamba tunavyomwita mama, alikaa kitandani na sweta mbili na kofia ya marehemu baba, akiniuliza kama kweli watu huishi hivi kwa hiari yao. Haukupita muda akasema anarudi nyumbani. Na kliniki je? Akasema afadhali moyo umuue kwake akiwa na joto lake. Nilicheka, halafu nikaenda jikoni nikalia.

Kisha makaa yakaja. Gunia zima, likashushwa mlangoni na mtu wa kwetu. Kumbe Mwaitu alikuwa amempigia ndugu yangu simu kimyakimya. Nikamuuliza Mwaitu ni mti gani uliochomwa. Akaniambia bila kupepesa macho: mgunga mmoja wa ile miwili iliyo kando ya nyumba yake. Baba aliipanda kabla sijazaliwa, na ni kivuli chake tu kinachofanya nyumba ile ya mabati ikalike mchana wa Februari. Yaani mama alikuwa amekata ubaridi wa kwake ili aote moto kwangu! Nilipandwa na hasira hadi nikakosa la kusema, na kwangu hilo si jambo la kawaida.

La kusema nililipata kesho yake jioni, niliporudi kutoka ofisini Westlands, ambako mashine ya kupoza hewa hupuliza hata Julai, Mungu atusaidie. Nilikuta jiko linawaka chumbani mwake, dirisha limefungwa, matundu ya hewa yamezibwa kwa vitambaa. Nikalitoa nje mbio, nikafungua kila kitu. Kila msimu wa baridi tunasikia habari za watu waliolala na jiko ndani wasiamke, na yeye na huo moyo wake! Nilimfokea mama yangu mzazi. Akaningoja nimalize.

"Basi nipe joto lingine, ama niende kwetu," akasema. "Na hilo gunia likiisha, ndugu yako atakata ule mti mwingine."

Joto lingine sikuwa nalo. Niliazima hita ya umeme, ikameza tokeni zote za stima, kisha ikaangusha stima ya ploti nzima, na majirani wakanijia mlangoni na midomo yao. Nikairudisha. Mwaitu akaanza kupanga nguo zake kwenye begi.

Sasa, lazima nieleze kuhusu sebule yangu. Kwetu sebule ni ya wageni. Mapazia mazito, yamefungwa mchana kutwa ili jua lisichujushe viti, na mwenye nyumba hukaa kwingine. Ndivyo Mwaitu alivyonilea, na hata yeye mwenyewe hakuwahi kuthubutu kukaa humo. Lakini zamu ya chama chetu cha kuweka akiba kuja kwangu ilikuwa inakaribia, kwa hivyo nikayavua mapazia nikayafua. Nani hufua mapazia Julai? Hayakukauka.

Jumapili alasiri nilirudi kanisani nikakuta chumba cha nyuma kitupu. Nilijua amekwenda. Nikakimbilia sebuleni kuchukua simu, na huko ndiko nilikomkuta, kwenye kiti kikubwa cha wageni, sweta zote mbili chini, miguu peku, anakoroma. Jua lilikuwa limemwagika chumba kizima. Niligusa ukuta nyuma yake, ulikuwa na uvuguvugu. Miaka yote hiyo jua lilikuwa likija mpaka dirishani, nami nikilifukuza kwa ajili ya viti.

Tukahamishia kitanda chake humo humo. Mapazia yanafunguliwa jua likitokea, yanafungwa kabla halijazama ili lile joto lilale nasi. Leso kuukuu chini ya mlango, chupa ya maji moto miguuni, matundu ya hewa wazi. Wanachama walipokuja wakakuta kitanda kando ya televisheni. Mmoja aliinua nyusi, nikamwambia jikoni kuna stuli. Viti vimechujuka upande mmoja na mimi sijali. Makaa yaliyobaki nilimpa jirani achomee mahindi.

Jioni ya siku hiyo ya chama, Mwaitu alimpigia ndugu yangu simu. Safari hii alipiga mbele yangu, kwa sauti ya mtu asiyeamini kwamba simu inafika Makueni yenyewe. Begi lake lilikuwa limeshafunguliwa, nguo ziko kwenye kabati langu.

"Huo mti uacheni," akamwambia. "Na kuku wangu gawaneni. Mimi niko hapa mpaka daktari achoke na mimi."