Shingo Isiyofungwa

Nilipokuwa mtoto, nyumbani kwetu Kadutu hata mbuzi alifungwa mguu. Majirani walicheka. Mama Sifa wa nyumba ya pili aliuliza kila alipopita, "Hii mbuzi yenu inafungwaka mu mguu kama kuku?" na Papa alijibu kwa kukohoa tu. Sheria ilikuwa ya Koko, mama yake Papa, aliyetoka Shabunda kuja kukaa nasi mjini. Kwa imani yake, kiumbe chochote kilichofungwa shingo kilikuwa kimeshaitwa na njia: kingeondoka, kisirudi. Hatukuvaa shanga, wala ufunguo kwenye uzi. Asubuhi za baridi, watoto wengine walipozungushiwa vitambaa shingoni, sisi tulifungwa vyetu kichwani.

Sababu hatukuijua. Katika nyumba yetu makatazo yalikuwa kama nguzo ya katikati: hukuuliza nani aliisimika, ulipita pembeni.

Nilipofika miaka tisa niliandaliwa kwa komunyo ya kwanza. Sista aliyetufundisha katekisimu alitangaza kwamba kila msichana aje na gauni jeupe na medali kwenye utepe wa buluu shingoni. Asiyekuwa nayo angengoja mwaka mwingine. Gauni langu lilikuwa tayari. Nilikuwa nimelijaribu mara nyingi hata Mama akalificha juu ya kabati. Lakini nilipomwonyesha Koko ule utepe, aliupokea, akaukunja vizuri, akaukalia.

"Koko, ni medali ya Maria."

"Maria akuye mu nyumba. Kamba isikuye."

Papa alijaribu kumtuliza. "Mama, huku ni ville, hapana kijiji. Batoto bote banavaa."

"Bote habako bangu," alisema Koko, wala hakunyanyuka.

Nililia siku mbili. Sikulilia Mungu, nakiri. Nilililia gauni, na aibu ya kubaki kwenye benchi wenzangu wakienda mbele.

Wiki ileile mwalimu wetu alitufundisha habari za utumwa. Alitaja meli zilizovuka bahari hadi Amerika na visiwa vya miwa, kisha misafara ya huku kwetu, na akatuonyesha picha kitabuni: watu katika mstari, kamba moja ikitoka shingo hadi shingo. Yote hayo, alisema, yalikwisha zamani, Wazungu waliyakomesha. Kuhusu utomvu wa mpira ambao Papa, akiwa kijana, alilazimishwa kuutafuta porini Shabunda wakati wa vita ya Wazungu, ile Vita Kuu ya Pili, hakusema neno. Hilo nimeliongeza mimi, baadaye.

Niliitazama ile picha, nikiwaza utepe ambao Koko aliukalia, mpaka mwalimu akafunga kitabu. Saa ya kutoka nilikimbia hadi nyumbani. Koko alikuwa uani akichambua sombe, majani ya muhogo ya chakula cha jioni.

"Koko! Mwalimu alisema utumwa iliisha!"

Mikono yake ilisimama.

"Iliisha siku gani?"

"Zamani. Mbele Papa azaliwe."

"Na nani alikuyaka kuniambia?"

Nilichutama kando ya kapu lake. Akaendelea na majani yake, na bila kuniangalia akanisimulia. Alikuwa mdogo kuliko mimi alipokamatwa na watu wa msafara. Yeye na dada yake walitembea kwenye kamba moja. Dada yake hakufika. Koko aliuzwa kwa bwana mmoja karibu na mto mkubwa, akakua akipika katika nyumba ile. Kisha vita ya Wazungu na wauza watumwa ikaja, na alfajiri moja bwana na watu wake wote wakakimbia, wakaacha mlango wazi.

"Ukaenda?"

"Nilipikaka chakula yabo siku tatu. Nilingojea mutu aniambie: enda."

"Akakuya?"

"Hakuna. Siku ya ine nilikula ile chakula, nikaenda."

Alisukuma kapu la sombe pembeni.

"Weye njo wa kwanza kuniambia," alisema. "Lete sindano."

Alikata utepe katikati. Vipande viwili alivishona kwenye mabega ya gauni, vikashuka vikakutana kifuani, pale iliponing'inia medali. Mbele, ulionekana kama utepe wa wasichana wote. Nyuma hapakuwa na kitu.

"Na Sista akiangalia nyuma?" niliuliza.

"Nyuma nitakaa miye."

Jumapili ile alikaa benchi la nyuma ya langu, yeye ambaye alikuwa na desturi ya kusimama karibu na mlango. Nilipoinuka kwenda mbele nilihisi macho yake kwenye shingo yangu, na sijawahi tena kulindwa namna ile. Hakuna aliyegundua.

Tarehe za ule mwisho wa utumwa nilizikariri shuleni na bado ninazo. Lakini kwa familia yetu naandika tarehe nyingine: ile alasiri ya sombe, katika miaka ya mwisho ya Wabelgiji, siku habari ilipomfikia Koko kwa mdomo wa mtoto aliyekuwa akililia gauni. Mbuzi, hata hivyo, aliendelea kufungwa mguu.

Koko alipofariki nilikuwa tayari mke wa mtu. Wanawake wa parokia walimwosha, wakamvika, na mmoja akafungua rozari ili amtie shingoni. Nilimshika yule mwanamke mkono.

"Hapana, Maman. Kwetu hapo hapafungwi."

Nikaichukua, nikaizungusha polepole kwenye vidole vya Koko.