Chumba cha Elfu Sabini

Marta Kalinga alifikisha miaka hamsini bila kulipa kodi ya nyumba hata mwezi mmoja. Alitoka kwao Idodi akiwa mjane, akaja Mbeya kupika katika shule ya bweni, na shule ikampa chumba nyuma ya jiko. Mwaka huu uongozi ukatangaza kuwa vyumba vile vinageuzwa bweni. Wafanyakazi wajitafutie pa kukaa kabla ya Krismasi.

Dalali mmoja, Brayson, akampeleka kuona chumba chenye marumaru na choo ndani, elfu sabini kwa mwezi. Marta alikipenda papo hapo. Mshahara wake ulikuwa laki mbili na ishirini, na kutoka humo alimtumia mwanawe, Adrian, aliyekuwa chuo cha ufundi Iringa. Alipopiga hesabu kichwani, ilikubali. Lakini hakuiamini, maana kichwa hichohicho ndicho kilichokwisha kukitamani chumba.

Basi mshahara ulipotoka, alimpelekea Bupe, mpishi mwenzake, elfu sabini. Akamwomba amwekee kana kwamba ni kodi imekwisha kulipwa, asimrudishie hata akilia. Alitaka kuona kama ataishi na zilizobaki.

Wiki ya tatu Adrian akapiga simu: alihitaji viatu vya karakana, la sivyo hataingia darasani. Marta akaenda kwa Bupe, akaongea kwanza habari za mvua.

"Nipe hata elfu ishirini," akasema mwishowe.

Bupe hakuacha kuchambua mchele. "Mwenye nyumba angekupa, Mama Adrian?"

Marta akaaga. Kesho yake akauza kitenge chake kipya, hata hakijakatwa, na kwa siku kadhaa hakuwa na neno na Bupe zaidi ya salamu.

Mwezi uliofuata alimpelekea hamsini tu. Mwezi ule uliisha bila kuuza kitu.

Akatafuta tena, safari hii bila dalali, akapata chumba Iyunga kwa mzee Lugano: hakina dari, choo ni cha wapangaji wote. Kodi elfu arobaini, na kumi iliyobaki katika ile hamsini ingelipia umeme na maji. Mzee alitaka miezi sita. Marta akamwambia anayo ya mitatu, akaziweka mezani zile alizozitoa kwa Bupe. Mzee akauliza anafanya kazi wapi, na kama ana wageni wengi. Kisha akampa ufunguo.

Mvua ikipiga bati, redio haisikiki. Adrian alipokuja likizo alilala kwenye mkeka, miguu ikitokeza mlangoni. Akasema kule shuleni walikuwa na nafasi zaidi.

Marta akakubali kuwa ni kweli, akamwambia akunje miguu wafunge mlango, baridi inaingia.