Salio la Mama Egide

Donatille, fundi cherehani wa Mpanda, alikuwa ameshaomba mahakamani atangazwe mufilisi, lakini benki iliendelea kumkata mkopo. Kila malipo ya sare yalipoingia, alipanda bodaboda mbio hadi kwa wakala wa benki awahi hela ya unga wa watoto, akakuta salio sifuri.

"Ombi peke yake halizuii makato, mama," karani wa mahakama alimwambia. "Iandikie benki iyasitishe, uambatishe nakala ya ombi lako."

Akaandika. Malipo mengine yalipoingia, alikimbia kama kawaida, roho juu.

"Taratibu, Mama Egide, leo hela ipo yote," wakala alicheka, akimpa simu aone salio. "Nikutolee?"

Donatille aliishika simu kwa mikono miwili.

"Subiri kwanza," alinong'ona. "Acha niiangalie."