Ndugu zake Mama Gentille

Mimi mtu akiniambia alikuwa na utoto mtamu, namwangalia mara mbili. Nimelelewa Kisii, tulikuwa wengi nyumbani, na ninachokumbuka zaidi ni kunyang'anyana nyama. Basi mwaka 2017, mwanangu Ian aliponiambia anamuoa Gentille, msichana wa Kikongo anayekaa na mama yake pale mtaa wa Frogtown, nilimuuliza kwanza, "Ukoo wake ni upi?"

Akanijibu kwa Kiingereza kwamba ni watu wazuri. Watu wazuri! Kana kwamba hilo ni jina la ukoo.

Kwetu hakuna harusi mpaka esigani, yule mtu wa kuchunguza, aende akachimbe habari za ukoo wa binti. Kuna wachawi? Kuna wezi? Hapa Minnesota esigani ningemtoa wapi? Nikajituma mwenyewe. Nikimaliza shifti yangu ya kutunza wazee kule Plymouth, nawasha gari moja kwa moja mpaka kwa Mama Gentille.

Jina lake Pascasie. Mwanamke mwembamba, anafanya usafi kwenye hoteli moja Bloomington. Kila nikimuuliza habari za kwao, anacheka kwanza. Walikuwa wengi, anasema, kule milimani Masisi. Walilala mkeka mmoja, wa pembeni akivuta blanketi wanaamka wote. Bugali mama yao aliuweka kwenye beseni moja, na hakuna aliyegusa mpaka mdogo kabisa aanze.

"Siku moja kaka yangu Callixte alivalisha mbuzi koti ya baba ya Jumapili," akaniambia. "Koti nyeusi, vifungo vya shaba. Tuko katika sala ya jioni, baba amefumba macho, mbuzi anaingia. Baba anasema 'Amina', mbuzi naye anaitika: meee! Mama Ian, baba alitaka kukasirika, akacheka mpaka akaanguka na kiti yake."

Nilicheka, sikatai. Lakini njiani kurudi roho ikaniambia, Kerubo, unauziwa mbuzi kwenye gunia. Mkimbizi gani anakumbuka vicheko tu? Cha vita pekee alichowahi kunitajia ni kwamba nyumba ile ilichomwa, baba yake akiwamo, ndipo akakimbilia kambini. Kisha akanimiminia chai. Na hao ndugu wote wako wapi? Ukutani hakuna picha hata moja.

Nikamwambia wazi, "Siku ya utambulisho nataka kuwaona ndugu zako. Bila ndugu, Ian haoi."

"Watakuja," akasema, na safari hii hakucheka.

Walikuja kweli, wakajaza upande mzima wa ukumbi wa kanisa. Nikawapitia uso kwa uso. Ala! Habiyaremye, aliyejiita kaka yake, mrefu hajui kuisha, Donatille, eti dada yake, mfupi wa kubingirika, hata pua hazifanani. Nikamvuta Habiyaremye pale yalipotundikwa makoti. "Eti kulikuwa na habari ya mbuzi?" Macho yakamng'aa. Akanipa yote, koti nyeusi, vifungo, kiti kuanguka. Donatille naye vilevile, mpaka mlio wa mbuzi akauiga. Hawa wamekaririshwa, nikasema moyoni.

Nikamfuata Maombi, binti wa miaka ishirini hivi, aliyetambulishwa kama mdogo wake Pascasie. Akaanza, "Baba amefumba macho..."

"Ngoja! Wewe umezaliwa wapi?"

"Kambini, mama."

"Nimekushika! Huyo baba alikufa kabla ya kambi. Hukuwepo!"

"Sikuwepo," akasema, wala hakuona haya. "Hata hao wengine hawakuwepo. Ndugu zake wa tumbo moja waliuawa wote siku ile nyumba ilipochomwa. Kambini watoto tusio na wazazi alituchukua. Hakutusimulia moto, alitusimulia mbuzi. Sisi hatukuwa na kwetu pa kukumbuka, mama. Da Pascasie akatugawia kwao."

Hasira nilikuwa nazo, sijui nimkasirikie nani. Nilirudi kukaa kitini kwangu.

Mzee Ondieki, msemaji wetu, akasimama. "Mama Ian, kabla hatujaanza mazungumzo, wewe ndiye uliyetuchunguzia. Je, hawa ni ukoo mmoja kweli? Ukisema hapana, tunavaa makoti yetu tunaondoka."

Ian hakuthubutu kuinua kichwa. Pascasie alikuwa ananiangalia, mikono ameilaza mapajani, ametulia kama mtu aliyezoea kuhojiwa na maafisa na kutoaminiwa.

"Nimewauliza mmoja mmoja," nikasema kwa sauti. "Ni ndugu wa toka nitoke."

Mzee Ondieki akawatazama wale watu, akanitazama mimi. "Una hakika?"

"Mzee, aliyetumwa ni mimi. Kaa chini."