Pamba Safi Mdomoni mwa Gunia

Nilisikia pikipiki ikizimwa kabla haijafika uani. Kisha magurudumu yakakwaruza changarawe, yakisukumwa polepole, nikajua mchumba wangu amekuja na neno zito. Siku za furaha huingia nayo ikinguruma hadi mlangoni, kuku wakitawanyika.

Ulikuwa msimu wa pamba nyumbani kwetu Sapiwi. Sebule ilijaa weupe hadi usawa wa dirisha. Mimi na baba mdogo, ambaye ni katekista, tulikaa chini tukichambua: safi huku, fifi yenye madoa kule. Mama aliposikia hodi alijikusanya, akaingia chumbani na kuteremsha pazia. Kwetu mkwe na mama mkwe hawakai chumba kimoja.

“Mwadila, mayu,” mchumba wangu alilisalimu pazia.

“Mwadila, baba,” pazia likaitikia.

Aliketi juu ya gunia lililojaa, vumbi la njia likiwa bado kwenye kope zake. Anafundisha fizikia sekondari, mjini Bariadi. Jumapili iliyokuwa inakuja majina yetu yangetangazwa kanisani, na baba mdogo ndiye angeyapeleka kwa padri. Ng’ombe wa mahari walishaingia zizini.

“Nimefikiri,” alisema. “Tufunge ndoa bomani. Kanisani hapana.”

Mikono yangu ikasimama. “Kwa nini?”

Akamtaja mwanasayansi ambaye picha yake ameibandika ukutani mwa maabara, mmoja wa wale wanaojulikana dunia nzima. “Yule amepima nyota, na hakumwamini Mungu. Mimi ni nani hata nimzidi?”

Baba mdogo alicheka. “Mwalimu, wako haamini? Basi mimi ninaye wangu, mkubwa kuliko huyo, na alikuwa akipiga magoti kila siku!”

“Wako ni wa zamani, baba.”

“Na wako kafa na mashaka yake!”

Wakaendelea hivyo kama mashabiki kwenye kibanda cha mpira, kila mmoja akimwingiza uwanjani mchezaji wake. Pazia likatikisika.

“Mwanangu, hebu muulize. Huyo bwana wa nyota atakuja harusini? Tumwekee sahani?”

Hata mchumba wangu alicheka. Mimi sikuweza. Nilimpenda mtu huyu kwa namna anavyosema “mimi naona”. Alisoma mswada wa riwaya yangu ya kwanza akaniambia sura ya tatu inadanganya, na kweli ilikuwa inadanganya. Sasa, kwa jambo kubwa kuliko yote maishani mwetu, alikuwa ameazima mdomo wa mtu mwingine. Niliogopa kumpoteza. Niliogopa zaidi kuolewa naye hali yeye mwenyewe hayupo.

“Sababu zake zilikuwa zipi?” nilimuuliza.

“Za nani?”

“Za mwanasayansi wako. Aliwaza nini mpaka akafika hapo?”

Akatazama viatu vyake, akakiri. Alikuwa amesoma sentensi moja tu, kwenye simu.

Nikamgeukia baba mdogo. “Na wako, baba? Yeye alisali kwa sababu gani?”

Baba mdogo akaokota pamba moja, akaipekua muda mrefu kuliko ilivyohitaji. Habari ile, akakiri naye, aliisikia redioni, kwa mhubiri.

Huku kwetu kila mtu anaujua ujanja wa kuweka pamba safi mdomoni mwa gunia na kuficha fifi chini. Ndiyo maana mnunuzi makini huingiza mkono mpaka kiwiko.

“Mmeweka majina ya watu mdomoni mwa gunia,” niliwaambia. “Mimi ninaingiza mkono.”

Niliyoyasema baadaye ningeyasema hata leo. Mwanasayansi akiniambia uzito wa nyota ninakubali, maana aliipima, na wengine wakaipima baada yake. Alichowaza juu ya Mungu nitakisoma pia, nikichambue kama cha mtu yeyote aliyefikiri sana. Sababu zake ziingie ndani, zikae, zinywe maji. Jina lake tupu libaki nje. Mimi ninasali. Wataalamu wote wa dunia wakianza kusali kesho, imani yangu haitaongezeka hata shubiri. Wakiacha wote, haitapungua.

“Ukisema wewe huamini,” nilimwambia, “nitakufuata bomani. Nitalia njiani, lakini nitakufuata. Ukisema unaamini, twende kanisani. Ila kwa ulimi wa kukodi siolewi popote.”

“Na matangazo je?” baba mdogo aliuliza kwa sauti ndogo.

“Usiyapeleke majina, baba.”

Mchumba wangu alisimama, kofia ya pikipiki mkononi, pamba imemganda kwenye suruali. “Mimi,” akaanza, akaigeuza kofia. Akajaribu tena. “Mimi sijui.”

Lilikuwa neno lake mwenyewe la kwanza siku ile, na nusura nimkimbilie. Nilibaki chini.

“Basi nenda ukakae na hilo,” nilisema. “Ukirudi, uniambie limekufikisha wapi.”

“Mwambie michembe ya viazi iko jikoni,” mama alisema. “Asiondoke na njaa.”

“Atakula siku atakayorudi, mama.”

Aliliaga pazia, akamwinamia baba mdogo. Mimi alinitazama tu. Kisha akatoka, akauvuta mlango wa bati nyuma yake mpaka komeo likalia.